Kapsuli za tangawizi kwa mwenye kisukari: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya pili. Nameza metformin ya kushusha sukari asubuhi na jioni, atorvastatin ya kushusha kolesteroli usiku, na dawa ya presha. Kinachoninyima raha zaidi si sukari yenyewe, ni moyo, maana kisukari kinakula mishipa ya damu taratibu na mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana niliponunua kapsuli za tangawizi pale Kariakoo niliamua kuzifuatilia kwa vipimo, si kwa kusikilizia mwili.

Kopo lina kapsuli 60 za miligramu 500, na maelekezo ni kumeza mbili asubuhi na mbili jioni. Hiyo ni gramu 2 kwa siku, kiasi ambacho hakiko mbali na kile cha watafiti, ambao wengi huwapa watu gramu 1 hadi 3 kwa miezi miwili mitatu. Lakini piga hesabu: kopo linaisha kwa siku 15. Kwa bei yake napata tangawizi mbichi kutoka Same ya kutumia nyumba nzima mwezi mzima.

Nilifungua kapsuli moja juu ya kisosi. Unga laini, rangi ya manjano iliyofifia, harufu kali ya tangawizi kavu, na ulimi ukawaka mara moja. Kwa upande huo sina lawama, ni tangawizi kweli. Tumbo langu, ambalo metformin hulichafua, lilitulia kidogo. Nikimeza kabla ya kula, kiungulia hakikwepeki, kwa hiyo nilihamia kumeza baada ya chakula.

Sasa vipimo. Wastani wa sukari wa miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) ulishuka kutoka asilimia 7.8 hadi 7.5. Triglisaridi, aina ya mafuta kwenye damu, zilipungua kidogo, presha ikabaki palepale. Kipindi hichohicho nilikuwa nimeacha wali wa usiku na nikaanza kutembea jioni, kwa hiyo siwezi kuipa tangawizi sifa zote hizo. Tafiti nazo ziko hivyohivyo: nyingi ni ndogo, kadhaa zimefanyika Iran, baadhi zimeona sukari na mafuta vikishuka kidogo, nyingine hazikuona kitu. Tena zilipima damu tu, hazikuwafuata watu kwa miaka kuona nani kapata shambulio la moyo au kiharusi.

Atorvastatin imepimwa kwa hilo. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti wa CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland kwa wagonjwa 2,838 wa kisukari aina ya pili. Waliopewa miligramu 10 kwa siku walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 37 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ndiyo maana muuzaji aliniudhi sana. Aliniambia, "Mama, ukimaliza makopo matatu, hizo dawa za hospitali utaziweka pembeni." Kwenye kopo lenyewe wameandika linasafisha mishipa na kuondoa kisukari. Mtu akiyaamini hayo akaacha dawa, anaweza kuanguka.

Kama kirutubisho cha nyongeza naipa nyota tatu kati ya tano, kwa tumbo zaidi kuliko moyo. Kopo jingine sinunui, nitabaki na tangawizi ya kuponda kwenye chai isiyo na sukari. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, kidonge kingine cha kushusha sukari, aangalie sukari isije ikashuka kupita kiasi. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama aspirini, clopidogrel au warfarin aulize kwanza, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Kuna mzee tunakutana naye kliniki, amewekewa valvu ya bandia kwenye moyo na yuko kwenye warfarin. Nilipomwona na kopo kama langu nilimwomba amwonyeshe daktari kabla ya kumeza hata moja. Aliingia nalo, akaambiwa asilitumie.