Tahadhari: Enkoda zilizokwisha kutumika zinauzwa kama mpya

Ndugu mafundi na wapenzi wa sinthesaiza (ala ya muziki ya kielektroniki), yuko muuzaji wa mtandaoni anayetangaza enkoda za kuzungusha (vipuri vyenye shafti vinavyoijulisha bodi kitufe kimezungushwa upande gani na kwa kiasi gani) kuwa ni mpya kabisa, ilhali ni vipuri vilivyong'olewa kwenye bodi kuukuu, vikaoshwa na kupakwa lehemu upya miguuni. Nilinunua sita kwake kwa ajili ya bodi ya sinthesaiza ninayoiandikia programu mwenyewe, na zote sita ni mbovu.

Nilipolehemu nne za kwanza, kila nilipozungusha kuelekea kulia ili kufungua kichujio cha sauti, namba ilipanda 40, 41, 42, kisha ikashuka hadi 41 na kuganda hapo kwa vituo viwili (kituo ni mkwamo mdogo unaouhisi kila shafti inaposogea hatua moja). Kwa wiki mbili niliilaumu programu yangu: nikarefusha muda wa kusubiri mguso utulie, nikaandika upya sehemu inayosoma ishara, nikaongeza resista za kilo-omu 10 na kapasita za nanofaradi 10 kwenye njia za A na B, yaani njia mbili za ishara za enkoda, bila nafuu yoyote. Nilipomwandikia muuzaji, alishikilia kwamba kosa ni la programu, na kwa bahati mbaya nilimwamini.

Ukweli ulijitokeza nilipochukua moja ambayo sikuwa nimeilehemu na kuipima peke yake. Enkoda ya aina hii ina miguu mitatu upande mmoja, A na B pembeni na C ya pamoja katikati. Shafti inapozunguka, A na B hugusana na C na kuachana nayo kwa kupishana robo ya duru ya ishara, na bodi hutambua upande wa mzunguko kwa kuangalia ni ipi iliyotangulia. Niliweka multimita kati ya A na C, nikazungusha polepole. Enkoda isiyo na kasoro huonyesha ukinzani ulio karibu na sifuri kila mguso unapofunga, lakini hii ilisoma omu 3, kisha 800, kisha ikawa kama waya uliokatika. Nilipoifungua nikakuta kisahani cha ndani kina michirizi myeusi na grisi yote imekwisha kuoshwa.

Nisimwonee mtu: namba ikiruka mbili au nne kwa kila kituo, hiyo ni hesabu ya programu, na ikienda kinyume inatosha kubadilishana A na B. Namba inayoyumba mbele na nyuma hata ukizungusha taratibu, na hata mguso ukipewa muda wa kutulia, ndiyo ya kuitilia shaka.

Mzigo ukifika, tazameni kwanza miguu iliyokatwa mifupi, mabaki ya lehemu kwenye vikucha vya kushikilia, na mikwaruzo ya nati kwenye uzi wa skrubu ulio shingoni mwa enkoda. Mimi niliyaona yote matatu baadaye, yalipokuwa hayanisaidii. Pimeni A na C, kisha B na C, kwa kila moja, mkirekodi video, kabla ya kuthibitisha kwamba mmepokea na kabla ya kugusa kifaa chochote kwa lehemu, kwa sababu lehemu ndiyo kisingizio cha muuzaji: kwa zile nne alijibu kwamba nimeziunguza mwenyewe, akarudisha fedha za mbili tu ambazo miguu yake ilikuwa haijaguswa.