Seestar S50, darubini ya kupiga picha za anga: nimekaa nayo miezi nane, Dar na Bagamoyo

Wakuu naanza na kosa langu. Darubini ya kwanza niliinunua kwa macho tu, bomba refu, boksi limejaa picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi huko angani) za kila rangi, sasa stendi yake ukigusa tu pale pa kufokasi nyota inarukaruka kama abiria wa daladala. Mwezi niliuona vizuri sikatai, ila nebula inataka kifaa kinachoifuata nyota bila kutikisika, bila hivyo bomba ni pambo la sebuleni.

Halafu video nyingi za wazungu zinakwambia nunua treka (kifaa cha mota kinachozungusha kamera ifuate nyota) uielekeze kwenye nyota ya kaskazini. Ipi? Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini, hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga, ile ambayo nyota zinaizunguka, iko nyuzi 7 tu juu ya ardhi, kwangu mimi ni nyuma ya mwembe wa jirani, na kanyota kaliko jirani nayo kwa taa za mjini hukaoni ng'o. Ndo nikaangukia hii Seestar ya kampuni ya ZWO.

Ni kiboksi cha kilo 2 na nusu, lenzi ya milimita 50, urefu wa fokali milimita 250, kamera na filta na betri vyote humo humo. Unaiweka mahali pasipoinama, unachagua kitu kwenye simu, inapiga picha ya anga inajua yenyewe inatazama wapi, inaenda. Mdogo wangu alidhani spika ya bluetooth mpaka alipoona mkono unanyanyuka wenyewe.

Bagamoyo mwezi wa saba, saa mbili usiku, nikalenga nebula ya Lagoon ikiwa bado mashariki. Picha ya kwanza ya sekunde 10 ilikuwa ukungu wa pinki umejaa chenga. Nikaenda kunywa chai, narudi baada ya dakika 40 ule mchirizi mweusi wa vumbi katikati umetoka kabisa, maana inapanga picha juu ya picha na chenga zinapungua.

Shida zipo. Sensa ya kamera ni pikseli 1080 kwa 1920 tu, na galaksi ya Andromeda haienei kwenye picha, hata Kilimia kinakatwa pembeni usipounga vipande. Pia huku kwetu vitu vingi vinapita utosini na hapo ndo picha inajizungusha vibaya kwenye fremu, viwahi vikiwa mashariki au visubiri viteremke magharibi.

Bei ilipotoka 2023 ilikuwa kama dola 500 huko Marekani, weka usafiri na ushuru juu yake. Kama una kamera tayari usikimbilie kununua, chukua lenzi ya 50mm na tripodi, piga sekunde 4 mara mia tatu, ziunganishe kwa programu ya Siril, ni bure, uone kwanza kama hii kitu unaipenda.

Lile bomba linauzwa. Stendi yake nampa mtu bure.