Universal Credit na walezi watatu: uzoefu wangu

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee hapa Northampton, na zamu yangu huanza saa moja asubuhi. Nasari anakokwenda kitinda mimba wangu hufunguliwa saa mbili. Basi nina mama mlezi mtaa wa pili, anawapokea wote wawili saa kumi na mbili na robo, kisha mmoja anampeleka nasari na mwingine shule. Jioni mkubwa, wa miaka saba, hubaki klabu ya shuleni mpaka nitoke kazini. Watoto wawili, walezi watatu, na nalea peke yangu.

Wengi niliowauliza waliniambia Universal Credit, ule msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, inasaidia kulipia mlezi mmoja tu, nichague. Si kweli. Walezi wanaweza kuwa zaidi ya mmoja, mradi malezi yao yanatambuliwa rasmi, na huku England kwa kawaida hiyo maana yake ni kusajiliwa Ofsted, chombo cha serikali kinachokagua shule na walezi. Msaada unafika asilimia 85 ya ulicholipa. Kikomo kinafuata idadi ya watoto, wala hakiongezeki ukiongeza mlezi: mwaka wa fedha 2025/26 kilikuwa pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, na 1,768.94 kwa wawili au zaidi.

Mwezi wa kwanza nilijiharibia mwenyewe. Nasari nililipa 420, mama mlezi 260, klabu 120. Nikajumlisha, nikaandika 800 chini ya jina la nasari kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, nikapachika picha tatu za karatasi. Kwangu zote zilitoka mfuko mmoja, kuna tofauti gani? Nikaulizwa mbona risiti ya nasari haifiki 800. Nikajieleza kwa aya nzima, ofisa akanijibu kwa mstari mmoja: kila mlezi aingizwe peke yake. Jina lake, namba ya usajili, siku alizokaa na mtoto, kiasi na tarehe uliyolipa. Nilirudia kazi yote usiku, mtoto kalala mapajani, simu ina chaji asilimia 9.

Tarehe ya kulipa ndiyo iliyonitesa zaidi. Kipindi changu cha hesabu, yaani mwezi wanaotumia kukokotoa malipo yangu, kinaisha tarehe 24. Mwezi wa pili nasari na klabu nililipa tarehe 20, mama mlezi nikamlipa tarehe 26 nilipopata mshahara. Ile 260 ikaruka ikaingia mwezi uliofuata. Haikupotea, lakini kodi ya nyumba haisubiri. Na gharama usiichelewe kuitaja: iripoti kipindi kile kile ulicholipa au, ukichelewa sana, kinachofuata.

Nasari na klabu hutoa risiti za kompyuta. Mama mlezi wangu alikuwa akiniandikia kwenye kikaratasi, "nimepokea, asante". Nikakaa naye jikoni kwake tukatengeneza risiti moja safi yenye namba yake ya Ofsted, sasa kila mwezi anabadilisha tarehe tu.

Usidanganyike pia na ile asilimia 85. Katika pauni 800 zangu, 680 zinaongezwa kwenye hesabu ya stahili yangu, halafu mshahara unaanza kuila hiyo hesabu: kila pauni inayozidi kiwango kinachosamehewa inakata peni 55. Nilisubiri 680 benki kama mjinga. Saa za bure za nasari nazo usizihesabu, kinachoingia ni kile ulichotoa wewe. Na ukiwa na Universal Credit huwezi kuchukua Tax-Free Childcare, mpango mwingine wa serikali wa kusaidia gharama za malezi, kwa wakati huo huo.

Kilichonifurahisha ni msaada wa bili ya kwanza. Nilipoongezewa saa kazini niliomba kabla sijalipa, nikapata fedha za kuanzia ambazo hazirudishwi. Hili hukuti mtu akikutajia, lazima uulize mwenyewe. Wenzangu wenye viza iliyoandikwa kwamba hawana haki ya misaada ya umma, tafadhali msijaribu kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji.

Nyota ngapi? Tatu kati ya tano. Bila msaada huu ningekuwa nimeacha kazi, nasema wazi. Nyota mbili nimezishika kwa sababu unalipa kwanza ndipo unarudishiwa, na mwenye kipato kama changu hana akiba ya kukaa hivyo mwezi mzima.

Jumamosi watoto wanakaa na mama yangu mdogo, nyumbani kwangu. Nampa chochote kidogo, nacho hakihesabiki, kwa kuwa hajasajiliwa. Nilimwambia kwamba hata akijiandikisha, huenda kulea hapa kwangu kusikubaliwe, kwa kuwa ni ndugu. Akanitazama. "Wajukuu zangu niwaombee kibali?" Kisha akauliza nauli yake iko wapi.