Orodha ya saa nane za usiku: vifaa vya mlimani na kambini, kuanzia cha kununua kwanza

Orodha yangu ya vifaa ilifika vitu kumi na tisa. Droni ilikuwemo, saa yenye GPS ilikuwemo, na kijiko cha titani ambacho hadi leo sijui nilikitakia nini. Kisha nikapanda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa mita 2,962 karibu na Ziwa Natron, ambao watu huuanza usiku wa manane ili jua lisiwakute mteremkoni. Saa nane tochi yangu ikazima. Nikaendelea kwa mwanga wa simu, mkono mmoja umeshika simu, wa pili unatafuta jiwe kwenye majivu yanayomomonyoka. Tangu siku hiyo kila kitu nakiuliza swali moja: nikikikosa saa nane za usiku, nitajuta? Vilivyobaki ni vichache, na nimevipanga hivi.

Cha kwanza bila ubishi ni tochi ya kichwani. Usidanganyike na maandishi ya lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa kwenye boksi. Kwa kutembea njiani, lumeni 200 hadi 300 zinatosha kabisa. Muhimu zaidi ni tochi inachokula. Yenye betri ya ndani ya kuchaji ni raha mjini, lakini ikiisha juu, imeisha. Mimi naitaka inayokubali na betri za AAA, zile zile za rimoti ya televisheni, kwa sababu hata duka la kijijini linazo. Petzl wa Ufaransa wana Tikka, inayotumia AAA tatu au betri yao ya kuchaji. Angalia pia kama ina kufuli ya swichi, maana tochi isiyo na kufuli hujiwasha yenyewe ndani ya begi, na nadhani ndicho kilichoniponza Lengai. Taa nyekundu ni nyongeza nzuri: unatafuta soksi bila kuwaamsha wenzako hemani.

Cha pili ni pawabenki, betri ya kubeba ya kuchajia simu, na hapa nina kinyongo. Niliwahi kununua moja mtaani iliyoandikwa 50,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), nyepesi kama pakiti ya biskuti. Iliijaza simu yangu nusu. Baadaye ndipo nikajifunza hesabu ambayo ningeifanya pale pale mbele ya muuzaji. Seli moja ya duara ya lithiamu, ile inayoitwa 18650, ina uzito wa gramu 45 hivi na hubeba takriban 3,500 mAh ikiwa nzuri sana. Basi pawabenki ya 20,000 mAh inahitaji seli kama sita, na pamoja na ganda lake ni nadra kuwa na uzito chini ya gramu 300. Ya 10,000 huwa karibu gramu 200. Pima kwa mkono, na ukiweza omba mizani ya duka la jirani. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Jingine: namba kubwa ya kwenye boksi ni ya seli, kwa volti 3.7. Volti zikipandishwa ili umeme uingie kwenye simu, sehemu yake hupotea kama joto. Ya 10,000 mAh halisi itaijaza simu ya 5,000 mAh mara moja na kitu, haitafika mbili. Kwa safari ya siku mbili milima ya Uluguru inatosha. Kwa siku sita au saba za Kilimanjaro chukua ya 20,000, na usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na simu, kwa sababu baridi huzubaisha lithiamu. Simu iliyoonyesha asilimia 40 jioni inaweza kuzima mkononi mwako ukiwa unataka picha moja tu ya kileleni.

Paneli ya jua ya kukunja niliitamani sana, nikaifuta. Ukiifunga mgongoni inatazama pembeni, mara kivuli, mara wingu. Inamfaa anayekaa kambini mchana kutwa. Anayetembea, aongeze pawabenki.

Cha tatu, mfuko wa kulalia. Lebo yake mara nyingi ina vipimo vitatu vya joto, na wauzaji hupenda kukusomea cha chini kabisa. Hicho ni cha kuponea uhai, si cha kusinzia. Wewe soma cha starehe. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto, ila yakilowa hayana kazi. Kwa misitu ya mvua kama Usambara ningechukua wa nyuzi za kiwandani, hata kama ni mzito. Na usisahau mkeka wa sponji chini yake, maana ardhi ndiyo inayokuibia joto kuliko hewa. Hapa sioni aibu ya mitumba. Pale Memorial, Moshi, nafungua zipu hadi mwisho na kuirudisha, nanusa kama kuna ukungu, halafu naunyanyua mfuko kwenye mwanga nione kama manyoya yamejikusanya upande mmoja. Anayepanda Kilimanjaro mara moja tu maishani akodi. Moshi na Arusha vya kukodi vipo.

Chujio la maji ni la nne. Sawyer Mini ina matundu ya maikroni 0.1, inazuia bakteria na vijidudu vya kuhara kama giardia, lakini virusi ni vidogo kuliko hapo, kwa hiyo karibu na makazi ya watu naongeza kidonge cha klorini. Likiganda kwa barafu limekwisha, na kwa macho hutaona tofauti. Nalo lilale nawe.

Kifaa cha setilaiti cha kuombea msaada, kama Garmin inReach Mini 2 ya gramu 100, kwa kigezo changu kingekuwa cha kwanza: mguu ukivunjika saa nane pasipo mtandao, ni kipi kingine utakachokililia? Lakini bei yake, na malipo ya mwezi juu yake, vimekishusha hadi nafasi ya tano. Na mimi siendi peke yangu. Anayekwenda peke yake akipandishe.

Saa ya GPS nimeifuta kwa sababu Organic Maps, programu ya ramani ya simu, ni bure na inafanya kazi bila intaneti, ukishapakua ramani ukiwa nyumbani. Droni nayo imekwenda. Hifadhini hairushwi bila kibali.

Mwenye ndugu Muscat au Dubai anayekuja likizo, amwagize pawabenki mapema. Mwambie aiweke kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo mkubwa hairuhusiwi, na isizidi Wh 100 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri), yaani kama 27,000 mAh. Akikuuliza rangi, mwambie yoyote isipokuwa nyeusi. Nyeusi utaipapasa hemani hadi kukuche.