Priseti, fonti na klipu za After Effects: uzoefu wangu wa matumizi

Hazina ya priseti inayokuja ndani ya After Effects (programu ya Adobe ya kuhuisha picha na maandishi ya video) inafaa, tena sana, lakini si yote, na karibu hakuna hata moja inayokaa sawa bila kuguswa. Priseti ni mipangilio iliyokwisha tayarishwa: mwendo, rangi, efekti na ekspresheni (mistari mifupi ya kodi inayoendesha vipimo) vikiwa vimehifadhiwa pamoja, unaviburuta juu ya leya (tabaka moja la picha au maandishi) na vinaanza kazi. Thamani yake haiko katika kuviacha vilivyo. Iko katika kuvifungua na kurekebisha vipimo viwili vitatu, ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye priseti za maandishi kuliko kwingine.

Hizo ziko kwenye paneli ya Effects & Presets, ndani ya folda ya Text, zimegawanywa kwa makundi kama Animate In, Animate Out, Blurs, Mechanical, Organic na Tracking. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwenye kompozisheni (eneo la kazi lenye ukubwa na muda wake) ya pikseli 720 kwa 480, kwa fonti ya Myriad Pro ya ukubwa wa pointi 72. Leo wengi wetu tunafanya kazi kwenye 1920 kwa 1080 au zaidi. Priseti inayotakiwa kuingiza maneno kutoka nje ya fremu inaweza kuyaanzisha yakiwa tayari yanaonekana ndani, kwa sababu umbali wa pikseli uliotosha kwenye fremu ndogo hautoshi kwenye kubwa. Ukiona hivyo, usiifute. Chagua leya, bonyeza U mara mbili haraka, na kila kilichobadilishwa kitafunguka. Tafuta Position iliyo chini ya Animator (kidhibiti cha mwendo wa herufi), si ile Position ya leya nzima, kisha uiongeze mpaka herufi zote zitoke nje ya fremu. Ukigusa ile ya leya, utahamisha maandishi mahali yanapotua na tatizo litabaki palepale.

Pili, priseti huweka fremu funguo (alama inayohifadhi thamani kwa wakati fulani) yake ya kwanza pale kishale cha muda kilipo. Kishale kikiwa sekunde ya 7 na leya imeanza sekunde ya 2, maandishi hayatacheza hadi sekunde ya 7. Kabla ya kuburuta, chagua leya na ubonyeze I ili kishale kirudi mwanzo wa leya. Kumbuka pia kwamba ukisogeza leya, fremu funguo zinakwenda nayo, ila ukikata tu mwanzo wake zinabaki zilipokuwa, na mwendo unaweza kukatwa katikati.

Linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na halisemwi vya kutosha, ni kasi. Range Selector (sehemu ya Animator inayochagua herufi zipi ziguswe) huhesabu kwa asilimia, kutoka 0 hadi 100, ndani ya muda ule ule bila kujali urefu wa maneno. Chukua mwendo wa sekunde 2 kwenye kompozisheni ya fremu 25 kwa sekunde. Kichwa cha herufi 10 kinapata fremu 5 kwa kila herufi, na jicho linaifuata kila moja ikiingia. Kichwa cha herufi 40 kinapata fremu 1 na robo kwa herufi: baadhi zinaingia ndani ya fremu moja, nyingine mbili, na matokeo yake ni kutetemeka kunakofanana na kompyuta iliyozidiwa. Wengi hulaumu mashine, kumbe ni hesabu. Kwa Kiswahili, ambako neno moja linaweza kubeba herufi 15 bila shida, hali hii utakutana nayo mapema.

Zipo tiba mbili. Ya kwanza ni kurefusha muda: chagua fremu funguo zote, shika Alt (kwenye Mac ni Option) na uburute ile ya mwisho, zote zitatanuka kwa uwiano. Nahesabu fremu 2 kwa herufi kama kima cha chini, hivyo herufi 40 zinahitaji fremu 80, yaani sekunde 3.2. Ya pili, ninayoipenda zaidi kwa sentensi ndefu, ni kufungua Advanced ndani ya Range Selector na kubadili Based On kutoka Characters kwenda Words. Maneno yanaingia moja moja, macho yanasoma kwa utulivu. Hapohapo kuna Smoothness: ikiwa 0 herufi inatokea kwa ghafla kama ya taipureta, ikiwa 100 inafifia kuingia. Kwa aina hii ya mabadiliko madogo priseti zinalipa kweli, maana kazi ya kujenga animator tangu mwanzo imekwisha kufanywa.

Kundi la Behaviors ni dogo na watu hulipita, nami nalipatia alama za juu kuliko yote. Priseti kama Fade In+Out - frames zinaendeshwa na ekspresheni zinazosoma mwanzo na mwisho wa leya, si fremu funguo. Kata leya uwezavyo, kufifia kunafuata ncha mpya. Kwa video yenye majina mengi ya wazungumzaji hakuna cha haraka zaidi.

Sasa fonti. Faili la mradi halibebi fonti. Linabeba jina lake tu. Collect Files (amri ya kukusanya mradi na mafaili yake mahali pamoja) hukusanya klipu na kuandika ripoti inayotaja fonti zilizotumika, lakini haikusanyi mafaili ya fonti zenyewe. Mradi ukifunguliwa kwenye kompyuta isiyo nayo, fonti nyingine inawekwa badala, upana wa herufi unabadilika, na mistari inavunjika pasipotakiwa. Kwa maandishi yaliyo ndani ya kisanduku cha aya ni hatari zaidi, kwa sababu mstari usiotosha unafichwa kabisa na hakuna anayegundua kwamba neno la mwisho limepotea. Kama kazi imekwisha na haitaguswa tena, Create Shapes from Text inageuza herufi kuwa maumbo na tatizo linaisha. Weka nakala ya leya ya asili, maana umbo halirudi kuwa maandishi.

Fonti za mapambo zinazokuja na vifurushi vya violezo zipimwe kabla ya kuzipenda. Andika ng'ombe, NG'AMBO, tarehe, alama ya asilimia na mabano. Nyingi zina herufi kubwa pekee, au hazina kistari cha juu, na nafasi yake inajazwa na cha fonti nyingine chenye unene tofauti. Mtazamaji hajui kasoro iko wapi, lakini anaona kitu hakijakaa vizuri.

Kisanduku cha nyuma ya jina, kile kinachojirefusha chenyewe, hutumia sourceRectAtTime (amri ya ekspresheni inayopima ukubwa wa maandishi). Kwenye Size ya mstatili naandika:

r = thisComp.layer("Jina").sourceRectAtTime(4, false), [r.width + 80, 120]

Namba mbili hapo zimewekwa kwa makusudi. Ile 4 ni sekunde ambayo herufi zimekwisha tulia. Violezo vingi huweka time, na kwa kuwa animator inazisogeza herufi, kisanduku nacho kinatapatapa wakati zinaingia. Ile 120 ni kimo cha kudumu, ukitumia r.height, jina lenye g, j au y litapata kisanduku kirefu kuliko jina lisilo nazo, na majina mawili yakifuatana tofauti inaonekana waziwazi. Tena, kipimo hiki hakijui kama umebadili Scale ya leya ya maandishi. Badili ukubwa wa fonti, au ufanye mstatili kuwa mtoto wa leya hiyo ili uifuate.

Kuhusu mitindo ya leya nitasema machache. Kivuli cha Layer Styles huchorwa baada ya leya kuzungushwa, kwa hiyo mwelekeo wake haubadiliki. Kwenye leya ya picha au video, kivuli cha efekti huzunguka pamoja na leya. Chagua kimoja kwa mradi mzima. Na leya za 3D zenye Layer Styles hazipitiani na nyingine zilizo jirani, basi kwenye mandhari ya 3D naziacha.

Priseti za Backgrounds zimezeeka kwa sura, ila zina sifa moja: zinatengenezwa na efekti, si picha, hivyo hazipasuki pikseli ukizikuza. Mteremko wake wa rangi huonyesha mistari ukiwa kwenye biti 8. Shika Alt na ubofye maandishi ya bpc (biti kwa kila chaneli) chini ya paneli ya Project hadi yafike 16, mistari itapungua sana, kwa gharama ya kurenda (kutoa video ya mwisho) polepole.

Klipu za kuwekea juu, kama moshi, cheche au mwanga, huja kwa namna mbili. Zenye usuli mweusi ni za kuwekwa modi ya Screen au Add, na hazihitaji kukatwa. Zenye chaneli ya alfa (inayobeba uwazi) huwa ProRes 4444 au umbizo la aina hiyo, ukipewa H.264 ukaambiwa ina uwazi, si kweli, umbizo hilo kwa kawaida halibebi alfa. Ukiona ukingo mweusi mwembamba kuzunguka moshi, alfa imesomwa vibaya: fungua Interpret Footage, ubadili kutoka Straight kwenda Premultiplied na uchague nyeusi. Hapohapo kuna Loop, inayorudia klipu fupi bila kuinakili mara tano kwenye mstari wa muda.

Violezo vya zamani vya kununua vinaweza kufunguka na bango la makosa ya ekspresheni. Sababu ya kawaida ni kwamba viliandikwa kabla ya injini ya JavaScript iliyoingia mwishoni mwa 2018. Nenda Project Settings, sehemu ya Expressions, uchague Legacy ExtendScript, kisha angalia kama bango limeondoka. Likibaki, soma jina la efekti linalotajwa: kiolezo kilichotengenezwa kwenye programu ya lugha nyingine huita vidhibiti kwa majina ya lugha ile. Badala ya jina weka namba, mathalani effect(1)(1), na kitafanya kazi kwenye lugha yoyote.

Ulichokwisha kirekebisha kihifadhi: chagua sifa zenyewe ndani ya leya, nenda Animation, Save Animation Preset, na faili la .ffx litakaa kwenye User Presets ndani ya Documents. Lipe jina lenye ukubwa wa fremu na kasi yake, kama jina_1080_25. Ukiingia toleo jipya la programu, nakili folda hiyo kwa mkono, maana kila toleo lina yake.