Pamba, pedi, pampasi au kanga? Nilivyotumia baada ya kujifungua

Kwa mwenye haraka, aliyesimama dukani na orodha mkononi: nunua pakiti moja ya pampasi za watu wazima za kuvaa kama chupi, pakiti mbili tatu za pedi ndefu za usiku zisizo na manukato, na utenge kanga moja kuukuu kwa siku za mwishoni. Usinunue katoni ya kitu kimoja hata ukipewa punguzo. Damu ya uzazi inabadilika wiki hadi wiki, na kinachokufaa usiku wa kwanza kitakuunguza wiki ya tatu.

Mwenye muda tuendelee. Huyu ni mtoto wangu wa pili, nimejifungua kwa njia ya kawaida hapa Dar, katikati ya lile joto la Februari. Niliongezewa njia, nikashonwa. Nayataja haya kwa sababu maoni ya mtu kuhusu pedi hayakusaidii kitu kama hujui alikuwa na mshono au hakuwa nao, na kama alilala kwenye kiyoyozi au kwenye feni ya kupuliza hewa ya moto.

Orodha ya vya kubeba tuliyopewa kliniki ilikuwa na kanga, beseni, glovu, wembe, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu na pamba kubwa. Pedi hazikutajwa kabisa. Basi nikabeba pamba, na nianze nayo. Sifa yake ni bei, na inapatikana kila duka la dawa. Sifa zinaishia hapo. Unaikunja nene ukidhani imetosha, lakini ikishalowa inasinyaa na kujisokota katikati ya mapaja kama kamba, pembeni kote kunavuja. Kibaya zaidi, nyuzinyuzi zake zinaganda kwenye mshono. Nilichuchumaa juu ya beseni la maji ya vuguvugu nikizilowesha zilegee, nikawa nachomoa kipande kimoja kimoja kwa ncha za vidole huku mama amenishikia mlango wa bafu. Tangu siku hiyo pamba ikawa ya kumsafishia mtoto macho na kunawia, na kwa kazi hizo sina ugomvi nayo.

Kuna kitu nilikiona chumba cha kujifungulia ambacho ndicho kimenifundisha namna ya kupima bidhaa hizi zote. Mtoto alipotoka tu, mkunga alinitandikia chini ya makalio plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ilikuwa inashuka mfukoni na yeye anasoma mistari. Damu ya kuanzia mililita 500 ndani ya saa 24 ndiyo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa ni kutokwa damu kupita kiasi, na kukadiria kwa macho kwenye shuka iliyolowa kunadanganya, hata kwa mkunga mzoefu. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima kwa plastiki ya namna hiyo na kutoa matibabu yote kwa mkupuo kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

Ukiruhusiwa, plastiki ile inabaki hospitali. Nyumbani kipimo chako ni pedi. Kwa hiyo kila nilichovaa nilikiuliza maswali mawili: je, kinavuja, na je, kinanionyesha damu yangu inakwendaje? Swali la pili matangazo hayaligusi.

Pedi za kawaida za hedhi, zile fupi nyembamba zenye mabawa, sahau kabisa siku za mwanzo. Si kwamba ni mbovu. Damu ya siku tatu nne za kwanza ni nzito, ina mabonge, na bonge haliingii kwenye pedi, linakaa juu yake kisha linateleza nyuma au pembeni. Halafu kuna ule mmiminiko wa kuamka: ukilala muda mrefu damu inajikusanya ndani, ukisimama inashuka yote mara moja mpaka kwenye visigino. Mara ya kwanza unapata hofu. Ukinyonyesha pia inaongezeka, maana mtoto akivuta ziwa mfuko wa uzazi unajikaza. Ndiyo lile chango la uzazi wanalolisema bibi zetu, na kwa mtoto wa pili linauma kuliko wa kwanza. Pedi fupi haiwezi kuhimili mambo hayo.

Pedi ndefu za usiku ndizo zilizonibeba zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ila ziko za aina mbili na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Kuna zenye uso wa wavu wa plastiki, wenye vitundu vidogo, unaokaa mkavu lakini unanata kwenye ngozi ukitoka jasho na kukwaruza nyuzi za mshono. Na kuna zenye uso laini kama pamba. Zinabaki na unyevunyevu kidogo, lakini hazichomi. Mwenye mshono achukue hizi za pili bila kufikiria. Pia soma pakiti uone kama imetiwa manukato. Nilizotumia zenye harufu ya maua ziliniwasha ndani ya nusu siku, na harufu yenyewe ikichanganyika na damu haina cha maua wala nini. Kingine ni kwamba manukato yanakuficha jambo unalopaswa kulijua: damu ya uzazi ina harufu yake kama ya hedhi, lakini ikianza kunuka uvundo, na hasa kukiwa na homa, hiyo ni dalili ya maambukizi.

Utaona pakiti nyingi zimechorwa matone, moja mpaka manane, kuonyesha uwezo wa kunyonya. Usiyaamini sana. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa chuo kimoja cha Oregon, Marekani, walipima bidhaa za hedhi kwa damu ya binadamu badala ya maji ya chumvi yaliyozoeleka viwandani, wakakuta nyingi hazibebi kiasi kilichoandikwa. Damu ni nzito, hainyonywi kama maji. Badili kila baada ya saa tatu nne hata kama matone yanasema bado, tena nawa mikono kabla na baada.

Pampasi za watu wazima, sasa. Najua aibu yake. Muuzaji aliniuliza kama ni za mgonjwa, nikamjibu ndiyo, tukamalizana. Lakini niseme ukweli: usiku wa kwanza na wa pili hakuna kinachozishinda. Ukilala chali haivuji nyuma, ukigeukia ubavu kumnyonyesha haivuji pembeni, na huhitaji chupi wala kuhangaika kuibandika gizani. Chagua ya kuvuta, siyo ya gundi. Na ukiivua usiivute mpaka miguuni, utachafuka na utainama bure na mshono wako. Chana pembeni kiunoni, pande zote mbili, kisha iviringishe kwenda nyuma. Wifi yangu aliyejifungua kwa upasuaji ndiye aliyezisifu kunizidi, kwa sababu mpira wa kiuno unapanda juu ya kidonda, wakati chupi ya kawaida inakata palepale pa mshono. Watu wanasahau kwamba hata wa upasuaji anatoka damu. Inatoka pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshikilia, na hapo pana kidonda hata kama mtoto alipitia tumboni.

Kasoro yake nilielezwa wodini na nesi wa zamu, na ni kasoro kubwa. Alinikuta nimejivalia, nimetulia, akaniambia: "Mama, hiyo nzuri, lakini mimi sitajua umetoka damu kiasi gani. Na wewe hutajua." Kweli. Pampasi inameza tu. Pedi inahesabika: hii imelowa nusu, hii imelowa yote, hii imelowa yote kabla saa haijaisha. Ukilowesha pedi kubwa kabisa ndani ya saa moja, na ya pili nayo ikafuata hivyohivyo, au likatoka bonge linaloshinda yai la kuku, au ukasikia kizunguzungu na moyo unakwenda mbio, usisubiri kupambazuke, rudi hospitali. Kwa hiyo nikazipangia kazi: pampasi usiku na kwenye safari ya kurudi nyumbani (bajaji na mashimo ya barabara yetu ni mtihani mwingine), mchana pedi. Na kila ukivua pampasi usiku iangalie kabla ya kuikunja, iinue mkononi usikie uzito wake.

Bei ni sababu nyingine ya kutoivaa muda wote. Pampasi moja ya mtu mzima inakaribia bei ya pakiti nzima ya pedi. Na pedi zenyewe si rahisi. Mwaka 2018 serikali iliziondolea VAT, mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Sisi wanunuzi tulikuwa tunaliona hilo tangu siku ya kwanza.

Zipo pia pedi za uzazi zenyewe, zilizotengenezwa kwa kazi hii, ndefu, nene, laini, nyingi hazina hata mabawa. Nilipata pakiti moja ya zawadi. Nzuri sana kwa mshono, zinakaa kama mto. Ila bila mabawa zinatembea, mpaka uvae chupi kubwa inayobana, na kwa maduka ya mtaani kwetu kuzipata ni bahati. Ukiletewa na shoga yako aliye nje, pokea na ushukuru. Kuzitafuta kwa bajaji mji mzima na tumbo la miezi tisa, hapana.

Akaja pia dada mmoja wa kuuza bidhaa nyumba kwa nyumba, na pedi zenye mstari wa kijani katikati ambazo, kwa maelezo yake, zinasafisha kizazi, zinaondoa uvimbe na kukausha kidonda. Bei ilikuwa mara kadhaa ya pedi za kawaida. Pedi kazi yake ni kunyonya. Haiingii kwenye kizazi, haina pa kusafishia, na anayeisubiri imtibu anaweza kuchelewa hospitali. Nilimpa maji ya kunywa, akaenda zake.

Mama mkwe alikuwa na lake kuhusu kanga. "Mwanangu, hizo plastiki zitakuchoma. Sisi tulipigwa winda la kanga na tumezaa wanane." Siku za mwanzo nilimkatalia kwa adabu, maana kufua damu nyingi vile, na mwili umechoka, ni kumbebesha mtu mwingine mzigo, na huyo mtu angekuwa mama yangu. Lakini kuanzia wiki ya pili hivi, damu ilipogeuka ya kahawia na kupungua, kisha ikawa ute wa njanonjano, plastiki ilianza kunitoa vipele kwenye mapaja. Hapo nikamkubali. Kanga iliyofuliwa miaka na miaka ni laini, inapitisha hewa, na kwa kiasi kile cha damu inatosha kabisa. Niliikata vipande, nikavikunja, nikavishikiza kwenye chupi ya pamba. Pedi za kufua za kushonwa, zile zenye vifungo, zinafanya kazi hiyohiyo kwa unadhifu zaidi, ukiwa nazo.

Sharti lake ni kufua. Loweka kwenye maji ya baridi, usianze na ya moto, damu inaganda kwenye uzi na haitoki tena. Kisha sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, na anika juani. Juani, siyo chini ya kitanda wala nyuma ya mlango. Najua nyumba zetu za kupanga, uwanja mmoja, wapangaji sita, na kamba inayoonekana na kila mtu, na wapo wanaoogopa mtu mwenye nia mbaya asiichukue damu yao. Mimi nilitandaza kitenge chepesi juu yake. Kinaficha macho ya watu na jua linapita. Siku ya mawingu nilipiga pasi vipande vyote kabla ya kuvirudisha kabatini.

Kikombe cha hedhi, ambacho mdogo wangu anakisifia kila siku, na tamponi: bado. Chochote cha kuingiza ukeni kinasubiri mpaka ukaguzi wa wiki ya sita umalizike na uambiwe umepona. Nilivyovieleza juu ni vya kuvaa nje tu.

Mimi damu iliisha kabla ya arobaini, wifi yangu ikavuka. Zote ni kawaida, wiki nne mpaka sita, mradi inaendelea kufifia. Iliyokwisha kufifia ikarudi nyekundu na nyingi siyo ya kunyamazia.

La mwisho ni saizi. Baadhi ya maduka ya dawa yanauza pampasi za watu wazima moja moja. Chukua mbili za kampuni tofauti uzijaribu nyumbani kabla ya kununua pakiti, na upime nyonga, siyo tumbo, maana tumbo litashuka. M ya kampuni moja ilinibana mapajani, ya nyingine ikanipwaya.