xmltodict: uzoefu wangu wa kugeuza XML kuwa JSON, na kalamu moja iliyonitoa jasho

Kazi yangu ilikuwa kupokea mafaili ya oda kutoka mfumo mkongwe usiojua lugha nyingine ila XML (maandishi yanayofunga kila taarifa ndani ya tegi, yaani alama zenye jina, kama `<bidhaa>Kalamu</bidhaa>`), kisha kuyapeleka kwingine yakiwa JSON, muundo mwingine wa data unaotumia majina na thamani zake. Nilianza na zana zinazokuja na Python yenyewe, lugha ya programu ninayoitumia. Sina ugomvi nazo, lakini kila nilichokitaka ilibidi nikitafute kwa jina, nikague kama kipo, ndipo nichomoe maandishi yake. Msimbo ukafika mistari 80 na bado nilikuwa sijagusa anwani za wateja.

Ndipo nikahamia xmltodict, maktaba ya Python ambayo ni faili moja tu. Unaipa XML kwa `xmltodict.parse`, inakurudishia kamusi, yaani data iliyopangwa kwa jina na thamani yake. Kamusi hiyo ukiipitisha kwenye `json.dumps`, umemaliza. (Weka `ensure_ascii=False`, la sivyo herufi zenye alama zitakutokea kama namba za ajabu.) Sifa za tegi (taarifa zinazoandikwa ndani ya alama yake ya kufungulia) zinatanguliwa na alama ya @, na maandishi ya tegi yenye sifa yanakaa chini ya `#text`. Alama hizo zilinikera siku mbili hivi, kisha nikazizoea.

Sasa nije kwenye kalamu. Oda yenye tegi tatu za bidhaa inakupa orodha ya vitu vitatu. Oda yenye bidhaa moja haikupi orodha ya kitu kimoja. Inakupa kitu chenyewe, kikiwa peke yake. Mimi nilijaribu programu yangu kwa oda kubwa kubwa tu, nikaridhika, nikaiachia ifanye kazi. Kesho yake ripoti ikaja na bidhaa sita ambazo hakuna aliyeziagiza: K, a, l, a, m, u. Mteja alikuwa ameagiza kalamu moja, na Python, kwa utiifu wake, ikalipitia neno hilo herufi kwa herufi. Hakuna kosa lililotangazwa, hakuna kilichokwama. Hilo ndilo lililonitisha.

Dawa yake ni fupi: `force_list=('bidhaa',)`, na tegi hiyo itarudi kama orodha daima, hata ikiwa na kitu kimoja. Jambo hili limeelezwa kwenye maelekezo, kwa hiyo lawama ni zangu. Hata hivyo, ukiwa mgeni, kabla ya kuandika chochote kingine, orodhesha tegi zote zinazoweza kujirudia uzitaje hapo. Mtego huu hauipati maktaba hii peke yake, maana XML yenyewe kwa kawaida haisemi ndani ya faili kama tegi ni ya pekee au ni ya kwanza kati ya nyingi.

Kila thamani inarudi kama maandishi, na tegi tupu inarudi kama `None`. Wapo wanaolalamikia hili. Mimi nalishukuru: namba ya bidhaa 0072 inabaki 0072, na kubadilisha bei kuwa namba nafanya mwenyewe, pale ninapotaka.

Kwa mafaili makubwa, usilimeze faili zima kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiweka `item_depth=2` pamoja na `item_callback`, unapokea oda moja baada ya nyingine. Kumbuka tu kwamba kazi (function) unayoipa `item_callback` lazima irudishe `True` kila mara. Niliisahau, uchambuzi ukakatika kwenye oda ya kwanza. Afadhali safari hii ilipiga kelele.

Kurudi nyuma, yaani kutoka kamusi kwenda XML kwa `unparse`, kunawezekana, lakini usitegemee kupata faili lile lile. Maoni yaliyoandikwa ndani ya XML hupotea usipoomba yahifadhiwe, na tegi zilizokuwa zimepishana, a kisha b kisha a, zinarudi a zote pamoja halafu b. Kwa oda haidhuru kitu. Kwa maandishi ya kusomwa ni balaa: sentensi "Soma hapa kwanza", ikiwa "hapa" imewekwa kwenye tegi ya herufi nzito, "hapa" inahamia upande wake, na "Soma" na "kwanza" zinaungana bila kujua kilichokuwa katikati.

Kwa hiyo mafaili ya oda nimeyaachia xmltodict, na msimbo wote sasa ni mistari 19. Mafaili ya mikataba, yenye aya na maelezo marefu, nimeyarudisha kwenye zile zana za mwanzo.